Unguja na Bombay: Habari za Njia ya Bahari, tangu Zamani za Tanga hata Zamani za Ndege

I. Umbali

Katika kitabu cha jubilei kama hiki husomwa majina ya watu wengi waliovuka bahari: waliokuja kufundisha, waliochukuliwa kwa nguvu, na waliorudi. Msomaji huyapita upesi maneno yale "akavuka bahari," kwa kuwa ni maneno mawili tu. Lakini ndani yake mna siku nyingi, na kiu, na ugonjwa, na mara nyingine mauti. Basi tumeona vema kuchagua njia moja ya bahari na kuiandika habari yake tangu kale hata leo, ili kila asomaye apate kupima kwa akili yake kuvuka maana yake nini. Njia tuliyoichagua ni ile iliyo kati ya Unguja na Bombay, mji wa Bara Hindi ambao tangu mwaka wa 1995 jina lake rasmi ni Mumbai. Kwa kuwa habari zetu nyingi ni za zamani, tutauita kwa jina lake la zamani.

Kwanza tuutaje umbali. Ukinyosha uzi juu ya tufe la dunia, toka Unguja hata Bombay, uzi ule utapita juu ya maji matupu. Utaiacha pwani ya Wasomali mkono wa kushoto, wala hautagusa nchi kavu mpaka ufike mlangoni mwa Bombay. Njia hiyo ni kilometa 4,640 hivi, au maili za baharini 2,500. Ni zaidi kidogo ya sehemu moja katika tisa ya mzingo wa dunia nzima. Kama maji yangekuwa nchi kavu, na mtu angekwenda kwa miguu kilometa 30 kila siku bila kupumzika hata Jumapili, angefika baada ya miezi mitano.

Umbali huu haukuongezeka wala haukupungua tangu watu walipoanza kuuvuka. Ulikuwa ule ule kwa nahodha wa jahazi, na ni ule ule kwa rubani wa ndege. Kilichobadilika ni wakati, na pamoja na wakati yalibadilika mambo mengine mengi, kama tutakavyoona.

II. Pepo mbili

Mwenyezi Mungu aliiumba bahari hii na milango miwili, mmoja wa kwendea na mmoja wa kurudia, nayo haifunguki kwa pamoja. Wakati wa baridi ya kaskazini, nchi kubwa ya Asia hupoa kuliko bahari. Hewa yake nzito hushuka na kutoka kuja baharini, nasi huku tunapata upepo wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi. Jua likipanda kaskazini, nchi ile hupata moto sana, hewa yake huwa nyepesi na kupaa, na hewa ya baharini huingia mahali pake. Ndio upepo wa kusi, ambao huanza mwezi wa Aprili na kuendelea hata Septemba. Kati ya pepo hizi kuna maleleji, siku za upepo usio na msimamo, mara huku, mara kule, mara shwari.

Watu wa pwani waliyajua mambo haya kabla ya kuandikwa katika vitabu vya shule. Kitabu kimoja cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja biashara ya pwani yetu pamoja na bandari za Bara Hindi, kwa hiyo njia hii si ya jana. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakileta nguo, mchele na shanga. Yakaondoka na kusi, yakichukua pembe za ndovu, nta na boriti za mikoko.

Lakini hata kusi haikuwa ya kuchezea. Mwezi wa Juni na wa Julai huvuma kwa nguvu mno, mawimbi ya pwani ya Bombay huwa kama vilima, na vyombo vya tanga havikuthubutu kuikaribia. Nahodha mwenye akili aliondoka Unguja mwanzoni, kusi ilipokuwa bado changa, au alingoja mpaka imechoka, mwezi wa Agosti au Septemba. Aliyekosa nafasi hizo alikaa.

Basi fikirini juma la mfanyabiashara wa zamani lilikuwa refu namna gani. Barua iliyoandikwa Unguja mwezi wa Aprili ilifika Bombay mwezi wa Mei, kama Mungu alipenda. Jibu lake halikuweza kurudi mpaka kaskazi ianze, yaani mwisho wa mwaka. Mtu aliuliza swali moja, akalipata jibu baada ya miezi minane au tisa, na katika miezi hiyo aliyeulizwa aliweza kuwa amekufa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyejua namna nyingine.

III. Bahari moja, hesabu mbili

Ushahidi mkubwa wa nguvu za pepo hizi ni safari ya Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili mwaka wa 1498. Yeye na watu wake walikuwa wageni kabisa katika bahari hii. Mfalme wa Malindi akampa rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi, na tarehe 24 Aprili wakatweka matanga. Kusi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Wakakaa siku 23 bila kuona nchi kavu, ndipo wakaona milima ya Bara Hindi, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na mji wa Calicut.

Walipotaka kurudi hawakuungoja upepo. Waliondoka katika kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, siku za maleleji, kaskazi haijatulia bado. Bahari ile ile waliyoivuka kwa majuma matatu na siku chache, sasa ilikataa kuwapitisha. Shwari zikawashika, kisha pepo za mbele zikawarudisha nyuma. Wakaona pwani ya Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, baada ya siku 89.

Na katika siku hizo 89 kiseyeye kiliingia. Kiseyeye ni ugonjwa wa watu wakosao matunda na mboga mbichi kwa muda mrefu: fizi huvimba hata kuyafunika meno, miguu huvimba, mwili hulegea, na mwisho mtu hufa. Watu 30 walikufa njiani. Waliobaki wenye nguvu za kuvuta kamba walikuwa saba au wanane katika kila merikebu. Walipofika Malindi wakaomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa, wakaletewa. Lakini kwa wengine msaada ulikuwa umechelewa. Merikebu yao moja, São Rafael, waliichoma moto wenyewe, maana hawakuwapo tena watu wa kuiendesha.

Tunaomba wasomaji waliangalie jambo hili vizuri. Umbali wa kwenda na umbali wa kurudi haukupishana kwa kitu cha maana. Waliokufa hawakuuawa na maili bali na siku, na siku ziliongezeka kwa kuwa nahodha aliondoka kabla ya wakati. Wazee wa pwani husema, "Kawia ufike." Kama wangalikawia mwezi mmoja na nusu, pengine wangalifika mapema, na watu wao wakiwa hai.

IV. Lady Nyassa

Miaka zaidi ya mia tatu na sitini ikapita, na njia hii ikavukwa na mtu ambaye wasomaji wetu wanamjua. Mwaka wa 1864 David Livingstone alikuwa na meli ndogo ya moshi, jina lake Lady Nyassa, aliyoileta ili ifanye kazi katika ziwa la Nyasa. Kazi hiyo haikuwezekana. Alitaka kuiuza, lakini huku pwani aliogopa isije ikaangukia mikononi mwa wachuuzi wa watumwa. Basi akaazimia kuipeleka Bombay mwenyewe.

Meli ile ilitengenezwa kwa maji ya ziwani, siyo kwa bahari kuu. Makaa ya mawe aliyokuwa nayo yalikuwa tani 14 tu, yaani ya kutosha siku tano hivi. Wazungu pamoja naye walikuwa watatu. Mabaharia wengine walikuwa watu saba wa Zambezi, ambao kabla ya hapo hawakupata kuijua bahari, na vijana wawili, Chuma na Wikatani, waliookolewa katika utumwa. Livingstone ndiye aliyekuwa nahodha na mwenye dira. Waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili.

Makaa yakiwa machache, hapana budi kutegemea matanga. Na kwa siku nyingi matanga yalining'inia bila upepo. Kila siku ya shwari ilizidi kuwasogeza katika mwezi wa Juni, ambao tumekwisha kusema habari zake. Waliingia Bombay tarehe 13 Juni, siku ya 45. Chombo chao kilikuwa kidogo hata hakuna mtu bandarini aliyekitambua kilipoingia.

Tukipiga hesabu, kilometa 4,640 kwa siku 45 ni kama kilometa 103 kwa siku, yaani kilometa nne na kitu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu aendaye kwa miguu kutoka shambani. Daktari Livingstone na wenzake waliitembea Bahari ya Hindi kwa mwendo wa mtu atembeaye, usiku na mchana, kwa siku 45.

Aliporudi, alipewa safari katika meli Thule, ambayo serikali ya Bombay ilikuwa ikimpelekea Sultani wa Unguja kama zawadi. Walifika Unguja tarehe 28 Januari 1866, baada ya siku 23. Chuma, aliyekuwa amewekwa shuleni Bombay kwa Daktari John Wilson na kubatizwa huko, alikuwa pamoja naye. Kijana huyu, pamoja na Susi na wenzao, ndiye aliyeuchukua mwili wa Livingstone toka Chitambo hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.

V. Wale ambao hawakuulizwa

Mpaka hapa tumesema habari za watu waliopanda chombo kwa hiari yao. Lakini njia hii ilikuwa na abiria wengine, na kuwasahau ni kuandika habari nusu.

Kwa karne nyingi watu wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa utumwani kuvuka bahari hii. Wajukuu wa wajukuu wao wako Bara Hindi hata leo, katika nchi za Gujarat na Karnataka, waitwao Wasidi. Mtu aliyekamatwa karibu na Nyasa, akapelekwa pwani kwa miguu, akashindiliwa ndani ya jahazi, hakujua maili wala tarehe. Umbali wake ulipimwa kwa jambo moja: kwamba hakuna njia ya kurudi.

Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilianza kuyakamata majahazi ya watumwa baharini. Wengi waliookolewa hawakuweza kurudishwa kwao, kwa maana vijiji vyao vilikuwa vimechomwa, au hawakujua viko wapi, au wangalikamatwa tena. Wengine walipelekwa Bombay. Huko watoto waliwekwa katika shule ya misheni ya Church Missionary Society, mahali paitwapo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, wakafundishwa kusoma na kuandika na kazi za mikono. Huku pwani waliporudi waliitwa Waafrika wa Bombay.

Maana walirudi. Baadhi yao walianza kuja Rabai katika miaka ya 1860 ili kumsaidia Rebmann, aliyekuwa huko tangu mwaka wa 1846. Wengine walikwenda na Livingstone katika safari yake ya mwisho. Mmoja wao, Jacob Wainwright, ndiye aliyechora maandishi katika mti wa Chitambo alipozikwa moyo wa bwana wake mwaka wa 1873, na ndiye aliyeusindikiza mwili mpaka Uingereza. Mwaka ule ule wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka wa 1875 ukaanzishwa mji wa waliookolewa, Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ulipewa jina la Bartle Frere, aliyekuwa zamani liwali mkuu wa Bombay. Waafrika wa Bombay wakawa walimu wa mji ule. Wawili miongoni mwao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka wa 1885; na Hannington alipouawa Busoga mwaka huo huo, William Jones ndiye aliyewarudisha pwani watu wa msafara waliosalia.

Tunasema habari hizi ili walimu wa leo wajue ya kuwa kalamu wanayoishika ina historia ndefu. Miongoni mwa walimu wa kwanza wa pwani hii walikuwamo waliouvuka umbali huu mara mbili: kwanza wakiwa watoto waliotolewa vifungoni, bila kuulizwa, mara ya pili wakiwa watu wazima, wakiwa na elimu, wamekubali wenyewe.

VI. Moshi na waya

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakigeuka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka wa 1869. Mwaka wa 1872 kampani ya meli ya British India ilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden kila mwezi. Kwa mara ya kwanza msafiri wa Unguja aliweza kujua mwezi wa kuondoka bila kuuliza upepo.

Lakini msishangae mkisikia ya kuwa hata meli ya moshi haikuwa na haraka sana. Mwezi wa Aprili 1893 kijana mmoja mwanasheria, Mohandas Gandhi, alipanda meli Bombay akienda Afrika ya Kusini. Bandari yake ya kwanza ilikuwa Lamu, akafika baada ya siku 13 hivi. Kisha akapita Mombasa na Unguja, na huko Unguja akangoja meli nyingine. Siku 13 si chache, walakini ni siku zilizoweza kuhesabiwa kabla ya safari. Tofauti kubwa ya moshi na tanga ilikuwa ni hiyo: kujua siku ya kufika, hata kama haikuwa karibu.

Habari zilitangulia kushinda watu. Waya wa simu wa chini ya bahari uliunganisha Bombay na Aden mwaka wa 1870, na mwaka wa 1879 waya mwingine ukaletwa toka Aden hata Unguja. Tangu siku hiyo bei ya karafuu au habari ya kufiwa iliweza kuvuka bahari kwa siku moja, na mtu mwenyewe akiwa bado anafunga mizigo yake. Wafanyabiashara wakafurahi. Waliofiwa nao wakaingia katika huzuni ya namna mpya: kujua leo, na kutoweza kufika kaburini ila baada ya majuma.

Baada ya vita kuu ya pili zilikuja meli nzuri za kampani ile ile, Kampala na Karanja, zilizokwenda na kurudi kati ya Bombay na bandari zetu. Watu wengi wa pwani, wa asili ya Kihindi na wasio wa asili hiyo, wanazikumbuka meli hizi, au waliwasikia wazazi wao wakizitaja. Zilidumu mpaka miaka ya 1970, ndipo zikaacha, kwa kuwa abiria walikuwa wamekwisha kuhamia angani.

VII. Ndege

Njia ya angani nayo haikuanza kwa kunyoka kama uzi wetu. Ndege za zamani hazikuweza kuchukua mafuta ya kuvukia maji mapana. Zililazimika kutua na kutua tena. Kampani ya Imperial Airways ilifungua njia ya London na Karachi mwaka wa 1929, na njia ya London na Cape Town mwaka wa 1932, na njia hizo zilikutana Misri. Mwaka huo huo wa 1932, mwezi wa Oktoba, J. R. D. Tata alirusha ndege ndogo yenye barua toka Karachi hata Bombay. Basi aliyetaka kutoka huku kwenda Bombay kwa ndege siku hizo alipaswa kwanza kupanda kaskazini mpaka Misri, kisha kugeuka mashariki na kuizunguka Arabia. Ni kama mtu atakaye kumtembelea jirani wa ng'ambo ya mto, akalazimika kwenda mpaka kwenye chemchemi yake ili apite.

Mwezi wa Januari 1950 kampani ya Air India ilianza safari za Bombay na Nairobi kwa kupita Aden. Toka Bombay hata Aden ni kilometa 3,050 hivi, na toka Aden hata Nairobi ni 1,800. Njia ikafupika sana, ingawa bado ilikuwa na kituo kimoja. Kisha zikaja ndege za jeti, ziendazo juu na mbali, na hapo ndipo njia iliponyoka. Mwaka wa 2019 kampani yetu ya Air Tanzania ilianza safari za moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na Mumbai.

Ndege ya jeti ikienda kilometa 850 kwa saa, kilometa 4,640 za uzi wetu ni kazi ya saa tano na nusu. Tukiongeza dakika za kupaa na za kushuka, tuseme saa 6. Angalieni hesabu hii: kila saa moja ya ndege ni siku saba na nusu za Lady Nyassa. Abiria akinywa chai, akasinzia kidogo, akaamka, amekwisha kupita mahali ambapo watu wa Zambezi walikaa juma zima wakiyatazama matanga yaliyolala.

Hata hivyo upepo haukusahauliwa kabisa. Huko juu nako kuna pepo zake. Zikisukuma kwa nyuma, dakika hupungua, zikija kwa mbele, dakika huongezeka. Na lugha yetu nayo inakumbuka. Yule aliyempeleka Vasco da Gama tulimwita rubani, na huyu aketiye mbele ya ndege tunamwita rubani vile vile. Neno limepanda toka majini likaenda angani, wala halikubadilisha hata herufi.

VIII. Saa na jua

Hapa tuna neno la pekee kwa walimu, maana wanafunzi huliuliza mara kwa mara. Ndege ikiondoka Unguja saa 3 asubuhi, ikaenda saa 6, itafika Bombay saa ngapi? Mtoto atajibu saa 9. Saa ya Unguja itasema hivyo kweli, lakini saa ya Bombay itasema saa 11 na nusu jioni. Na ikiondoka Bombay saa 3 asubuhi kurudi, itafika Unguja saa 6 na nusu mchana. Kwa saa za ukutani, kwenda ni saa 8 na nusu, kurudi ni saa 3 na nusu, na abiria wote wawili wamekaa vitini saa 6 zile zile.

Sababu ni jua. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, kuelekea mashariki, kwa hiyo Bombay hulitangulia jua kuliko sisi. Kati ya miji hii miwili mna digrii 33 na zaidi kidogo ya nusu, ambazo kwa jua ni saa 2 na dakika 15 hivi. Mbona basi saa zetu hupishana kwa saa 2 na nusu? Kwa kuwa kila nchi imechagua mstari wake: Afrika ya Mashariki hufuata mstari wa digrii 45, na Bara Hindi yote hufuata mstari wa digrii 82 na nusu. Ondoa, kisha gawanya kwa 15, utapata saa 2 na nusu. Mwalimu mwenye chungwa moja, kijiti na mshumaa aweza kulionyesha jambo hili katika nusu saa.

IX. Faida na hasara

Yabaki kuuliza: katika kufupika huku kwa wakati tumepata nini, na tumepoteza nini?

Faida hazihitaji maneno mengi. Siku hizi wagonjwa wetu wako wanaokwenda kutibiwa katika hospitali za Bara Hindi, na ndugu zao hujua jioni ile ile kwamba wamefika. Wanafunzi huenda na kurudi. Hakuna baharia afaye kwa kiseyeye. Mtoto hawezi kushindiliwa ndani ya jahazi mchana kweupe na kuuzwa sokoni ng'ambo. Asemaye kwamba zamani zilikuwa bora, na aisome tena ile sehemu ya tano.

Lakini iko hasara moja ambayo haionekani upesi. Zamani aliyekuja na kaskazi hakuweza kuondoka kesho yake. Alikaa mwezi, miwili, mitatu, akingoja kusi. Kwa kuwa alikaa, alijifunza lugha. Aliuza kwa kusema, siyo kwa kuonyesha vidole. Alikula chakula cha wenyeji, nao wakala chake. Alishika urafiki, mara nyingine akaoa. Ndiyo sababu Kiswahili kina gari, na embe, na laki, na hundi, na rupia: maneno yaliyotoka Bara Hindi, siyo kwa barua bali kwa vinywa vya watu waliokaa wakingoja. Upepo uliwalazimisha wageni kuwa jirani. Msafiri wa saa 6 hakulazimishwa. Aweza kufika Bombay, akamaliza shughuli yake, akarudi, asijue hata salamu ya watu wa huko.

Hatusemi kwamba watu warudi kwenye majahazi. Twasema kwamba jambo ambalo zamani lililetwa na upepo, sasa sharti liletwe na nia. Kama mgeni amefika mtaani kwetu kwa saa 6, tumpe siku zetu ambazo bahari haikumtoza: tumkaribishe, tumwulize jina la kijiji chake, tumfundishe kuhesabu kwa Kiswahili, tujifunze kwake nasi. Na mtoto wetu aendaye ng'ambo kwa masomo, tumwagize akae na watu, si kukaa tu miongoni mwao.

Kwa walimu twapendekeza kazi hii ndogo. Chukueni tufe, au kama hamna, boga la duara, mlichore mabara juu yake. Nyosheni uzi toka Unguja hata Bombay. Kisha wanafunzi wafunge mafundo 45 katika uzi ule, wayape majina ya siku, tangu tarehe 30 Aprili hata tarehe 13 Juni, na mmoja wao asome kwa sauti wakifika fundo la kumi, la ishirini, la thelathini. Halafu wapime kwa jicho sehemu moja ya sita ya uzi, ndiyo saa moja ya ndege, wahesabu mna mafundo mangapi ndani yake. Watapata saba au manane. Somo hilo halitawatoka upesi, na majina ya akina Chuma na Jacob Wainwright yatakuwa yamefungwa humo pamoja nalo.